Wapanda farasi wa Polandi na vifaru vya mwaka 1939

Simulizi ya miaka mingi inasema kwamba mwaka 1939 askari wapanda farasi wa Polandi walivishambulia vifaru vya Ujerumani kwa mikuki na panga. Haikuwa hivyo.

Tukio lililozaa simulizi hiyo linafahamika. Jioni ya tarehe 1 Septemba, karibu na kijiji cha Krojanty, wapanda farasi takriban 250 waliwavamia ghafla askari wa miguu wa Ujerumani na kuwatawanya, kabla ya magari ya deraya kutokea na kuwamiminia risasi. Kanali aliyekuwa kamanda wa rejimenti yao aliuawa hapo, naye, kwa bahati mbaya, amekumbukwa zaidi kwa kosa asilolifanya, la kushambulia vifaru, kuliko kwa kumchelewesha adui. Waandishi wa habari waliopelekwa baadaye waliona mizoga ya farasi na, kando yake, vifaru vilivyofika pambano likiwa limekwisha. Si ajabu mambo hayo mawili yakaunganishwa, na propaganda ikayaeneza.

Kwa kawaida wapanda farasi wa Polandi walishuka na kupigana kwa miguu, wakiwa na mizinga midogo ya kupigia vifaru. Anayetaka kuhakikisha aangalie msimulizi alifika lini, na kama taarifa za pande zote mbili zinataja vifaru au magari ya deraya.