Chanseli: neno la kanisani lililoanzia kwenye grili

Mwenzangu wa sauti ya tatu kwenye kwaya ana jibu tayari kila mgeni anapouliza kwa nini ile sehemu ya mbele ya kanisa, iliyoinuliwa kwa ngazi na kukaliwa na kwaya, huitwa chanseli. "Ni mambo ya kuimba," husema, "Wazungu huita wimbo chanti." Maelezo matamu hayo, na hata mimi niliyaeneza miaka mingi.

Dhana: Chanseli ni neno la kuimba.

Hapana. Limetoka kwenye neno la Kilatini cancelli, yaani vibao au vyuma vilivyopishanishwa kama wavu. Mkazi wa Nairobi hahitaji kamusi hapo. Fikiria duka la mtaani Umoja au Kayole: mkate na maziwa hupitishwa kwenye tundu la grili, muuzaji yuko ndani, wewe uko nje. Cancelli ndiyo hiyo grili. Katika makanisa ya kale kizuizi cha namna hiyo kiliwatenga makasisi na waumini, na polepole jina la kizuizi likahamia kwenye nafasi iliyo nyuma yake.

Ukoo wa neno hili ni mkubwa. Katika mahakama za Kirumi, bawabu aliyekaa kwenye kizuizi hicho aliitwa cancellarius. Cheo kikapanda, kikapanda tena, na leo chansela ndiye anayewatunuku mahafali shahada zao. Nao waandishi wa zamani walifuta maandishi kwa kuyachora mistari ya kupishana, yakaonekana kama grili. Ndiyo maana ukiambiwa mkutano umekanseliwa, unasikia neno lile lile. Bawabu, chansela na mkutano uliofutwa ni ndugu wa tumbo moja!

Dhana: Kwaya imekaa hapo tangu mwanzo.

Makanisa makuu na watawa walikuwa na desturi hiyo zamani, sawa. Lakini katika parokia nyingi za Uingereza karne ya 18, waimbaji na wapiga ala walikaa kwenye roshani, nyuma kabisa. Kuwavika kanzu na kuwaketisha chanselini kulienea karne ya 19, na kanisa la parokia la Leeds, lililojengwa upya mwaka 1841, ni miongoni mwa yaliyoongoza. Temple Moore, msanifu wa All Saints hapa Nairobi, alikulia katika mtindo huo; jiwe la msingi la kanisa lake liliwekwa mwaka 1917. Kwa hiyo tunachokiona pale kuwa cha kale sana ni mtindo wa enzi ya Malkia Victoria.

Dhana: Chanseli na madhabahu ni kitu kimoja.

Madhabahu ni meza, chanseli ni nafasi. Na ukipenda asili za maneno, madhabahu limetoka kwenye shina la Kiarabu lenye maana ya kuchinja.

Dhana: Mtaguso wa Pili wa Vatikani uliamuru vizuizi vya mbele ving'olewe.

Hili nalisikia zaidi kwa Wakatoliki wenye umri wa wazazi wangu. Hati ya Mtaguso huo, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, kuhusu liturujia (taratibu za ibada), ya Desemba 1963, haitaji vizuizi popote. Maparokia mengi yaliviondoa baadaye, altare, yaani madhabahu, ziliposogezwa mbele na padri kuwageukia waumini.

Dhana: Vizuizi vya mbele viliwekwa kwa ajili ya utakatifu peke yake.

Kwa upande wa Waanglikana, utakatifu ulikuwa na msaidizi. Mwaka 1636 Askofu Matthew Wren wa Norwich aliagiza uzio wa meza ya Bwana uwe na viguzo vilivyokaribiana kiasi cha kuwazuia mbwa. Enzi hizo watu waliingia nao ibadani.

Mwenzangu wa sauti ya tatu amesikia yote haya. Jumapili iliyopita nilimkuta akimweleza mgeni habari za mbwa.