Je, wajua kwa nini kileleni mwa milima ya tropiki miti inakuwa mifupi na aina zake zinapungua?

Ukipanda mlima wenye msitu wa mvua, kule chini miti inapita mita 30, ukizidi kupanda inashuka kimo, halafu ukifika kwenye kilele au mgongo wa mlima unakuta msitu mzima una mita nne tano hivi, mingine unagusa ncha yake ukiwa umesimama. Na siyo miche ile jamani, ni miti iliyokomaa kabisa, inatoa maua na mbegu kama kawaida, ni vibete tu.

Wengi wanasema ni baridi. Baridi imo, ila peke yake haitoshi. Angalia Sabah kule Malaysia, mlima Gunung Silam una mita 884 tu na juu yake miti ni mifupi, wakati Kinabalu, hukohuko Sabah, una mita 4,095 na ukiwa kwenye mwinuko kama huo wa mita 884 bado uko kwenye msitu mrefu. Tofauti ni mawingu. Mlima mdogo ulio karibu na bahari unafunikwa na mawingu mapema, mlima mkubwa unayakuta juu zaidi.

Sasa ukungu ukikaa siku nzima jua halipenyi vizuri, kwa hiyo mti unatengeneza chakula kidogo. Udongo nao umelowa muda wote, ukichomeka kidole unakuta tope jeusi lenye mizizi iliyosukana kama mkeka, hewa hamna, majani yaliyoanguka yanachelewa sana kuoza na naitrojeni, kirutubisho ambacho mti unakihitaji ukue, inabaki imefungiwa humohumo. Ndo maana jani la mti wa huko ukilishika ni dogo, nene, gumu kama ngozi, mti hauna uwezo wa kutupa majani hovyo na kuota mengine. Ongeza upepo unaopinda matawi. Wanasayansi bado wanabishana kipi kati ya hivi kina uzito zaidi, mi naona vinasaidiana.

Mazingira hayo ni chujio, na hapo ndo aina zinapungua. Kule Yanamono, Peru, kwenye msitu wa nyanda za chini, hekta moja tu ilikutwa na karibu spishi 300 za miti mikubwa, yaani karibu kila mti wa pili ni aina mpya. Kileleni mbegu za aina nyingi zinafika, zinakwama. Halafu vilele vyenyewe ni vidogo na viko mbalimbali kama visiwa, aina ikipotea pale hakuna jirani wa kuleta mbegu haraka.

Ila msiseme basi huo msitu ni maskini! Kwenye milima ya Luquillo, Puerto Rico, miti ya kileleni siyo ya aina nyingi lakini mmojawapo, Tabebuia rigida, haupatikani nchi nyingine yoyote duniani. Na shina moja lililopinda linabeba okidi, kangaga na ukoga mnene uliolowa kama sifongo, utajiri mwingine umepanda juu ya mti wenyewe.

Kuna kitu kingine watu wanakisahau, namna ya kuhesabu. Watafiti wengi wanapima miti yenye kipenyo cha kuanzia sentimita 10, sasa kwenye msitu wa vibete vishina vingi ni vyembamba kuliko hapo, ukitumia kipimo hicho unaacha sehemu kubwa ya msitu nje ya daftari. Inabidi ushuke kwenye vipenyo vidogo, upige magoti, uhesabu shina kwa shina.

Kinachoniumiza ni joto la dunia. Mti wa bondeni hali ya hewa ikibadilika mbegu zake zinaweza kuhamia juu taratibu, vizazi kwa vizazi. Mawingu yakipanda yakaacha kilele cha Luquillo kikauke, Tabebuia rigida ya pale juu haina sehemu nyingine ya kupanda.