Je, wajua kwa nini divai nyekundu hupozwa kabla ya wageni kufika?

Wengi wetu tumeshika kanuni moja tu ya kukaribisha watu kwa divai: nyeupe iwe baridi, nyekundu iwe na joto la chumba. Basi mwenyeji anaiweka chupa nyekundu mezani tangu mchana, tena chupa iliyotengenezwa na watu wa eneo lake, aliyoichagua kwa fahari. Jioni inamiminwa, mgeni anaonja, anakunja uso. "Mbona kali hivi?" Lawama zote zinamwendea mtengenezaji. Mara nyingi hana kosa lolote. Kosa ni la chumba.

Kanuni yenyewe si uongo, ila ilizaliwa kwenye baridi. Wafaransa wana kitenzi *chambrer*, kinachotokana na neno lao la chumba. Maana yake ni kuitoa divai kwenye ghala la chini ya ardhi, lenye nyuzi 12 hivi, na kuiacha chumbani ipate uvuguvugu kidogo kabla ya chakula. Chumba hicho kilikuwa cha nyumba ya mawe, zama ambazo hakukuwa na mitambo ya kupasha joto nyumba nzima: nyuzi 16, labda 18. Sebule yenye nyuzi 28 na watu kumi waliojibana kwenye makochi haikuwamo kwenye hesabu ile.

Nyuzi kumi zina uzito gani? Zina uzito mkubwa. Alkoholi huwa mvuke kwa urahisi kuliko maji. Huchemka ikifika nyuzi 78 tu. Divai ikipata joto, mvuke wake unajaa mdomoni mwa glasi, na ukiinamisha pua unachomwa kabla hujakutana na harufu ya tunda. Ulimi nao unadanganyika: kwenye joto utamu hujitokeza zaidi na uchachu hufifia, hivyo kinywaji kinakuwa kizito, kama juisi iliyosahaulika juani.

Kwa nini basi isipozwe kabisa kama nyeupe? Hapo ndipo tanini inapoingia. Hii hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na ndiyo inayoleta ule ukakasi wa chai iliyokaa mno na majani yake. Divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda. Nyeupe kwa kawaida hukamuliwa kwanza, maganda yakawekwa kando. Baridi kali huuzidisha ukakasi na kuifunga harufu, kwa hiyo nyekundu iliyolala friji usiku kucha hukausha mdomo na kunukia kidogo sana. Nyekundu nyepesi hupendeza kwenye nyuzi 12 hadi 14, nzito kwenye 15 hadi 18. Nyeupe huishi chini ya hapo, kati ya 8 na 12, na ile yenye mapovu chini zaidi, kwa sababu gesi hubaki ndani ya kimiminika baridi na hukimbia kwenye chenye joto. Ndiyo maana chupa ya mapovu isiyopozwa humwagikia nguo za anayeifungua.

Kama divai yenu inatoka kwenye mashamba ya jua kali, habari hii inawahusu mara mbili. Zabibu likiiva kwenye joto hukusanya sukari nyingi, na hamira huigeuza sukari hiyo kuwa alkoholi. Wakati huohuo tunda hutumia asidi yake ya maliki, mojawapo ya zile zinazolipa uchachu, katika kupumua, na kadiri joto linavyopanda ndivyo asidi hiyo inavyoisha haraka. Mara nyingi kinachopatikana ni divai yenye nguvu nyingi na uchachu mdogo, na hizo ndizo tabia mbili ambazo chumba chenye joto huzianika hadharani. Mimi huona si haki kuihukumu divai ya namna hiyo kabla ya kuipoza. Ikipozwa kidogo, kile kilichoitwa ukali mara nyingi kinageuka kuwa tunda.

Dawa ni rahisi. Nyekundu iingie friji saa moja hadi moja na nusu kabla ya wageni kugonga hodi. Ukichelewa, tumia ndoo, lakini usiijaze barafu peke yake, maana mabonge huacha nafasi za hewa na hewa hubeba joto kwa uvivu. Ongeza maji hadi shingo ya chupa. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Kazi kubwa hufanywa na kuyeyuka kwenyewe: kilo moja ya barafu inapogeuka maji humeza joto ambalo lingeweza kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Konzi mbili za chumvi hushusha joto la ndoo chini ya sifuri. Dakika kumi zinaitosha nyekundu, na ishirini hivi nyeupe. Friza ni mtego kwa wasahaulifu: divai huganda kwenye nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri, hutanuka, na kusukuma kizibo au kupasua chupa.

Mezani, mimina kidogo kidogo, kwa sababu glasi iliyojaa hupata joto kabla mazungumzo hayajanoga. Ishikeni kwenye mguu wake, si tumboni. Mgeni akitaka barafu ndani ya glasi mpe bila kumtazama vibaya, ingawa itazimuka. Zabibu zilizogandishwa hupoza bila kuongeza maji. Jagi la maji ya kunywa lisikosekane, na anayeendesha gari awe na kinywaji chake kisicho na kilevi, kilichopozwa kwa heshima ileile.

Ikibaki nusu chupa, izibe na uirudishe friji hata kama ni nyekundu. Baridi hupunguza kasi ya oksijeni na ya bakteria wanaoigeuza divai kuwa siki, kwa hiyo siku mbili au tatu bado inanyweka. Itoe robo saa kabla ya kuimimina.