Ngoma imetoka, goti linaendelea

Kijana anayenisaidia kufunga nyaya studio kwangu, hapa Nkuhungu, Dodoma, alisikiliza karibu dakika mbili, mikono mfukoni, kisha akauliza: "Kaka, wimbo wenyewe unaanza saa ngapi?" Wakati huo goti langu lilikuwa linagonga mguu wa meza. Chumba kile kile, spika zile zile; mimi nimeshaingia kucheza, yeye bado anasubiri mlangoni.

Wimbo ulikuwa Get Lucky wa Daft Punk, lakini si ule wa redioni. Huu ulitoka Novemba 17, 2023, katika toleo la albamu yao Random Access Memories lililoondolewa ngoma zote. Dramu hakuna, na vile vyombo vidogo vya kugonga na kutikisa navyo hakuna. Kila kitu kingine kimeachwa. Mashabiki waligawanyika, na mpaka leo wateja wangu wakija kurekodi wananiuliza niko upande gani. Kundi moja linasema limeisikia albamu upya. Kundi jingine linasema limeandaliwa ugali bila mlenda. Mimi kazi yangu ni sauti, na naamini makundi yote mawili yanasema kweli. Swali la yule kijana ndilo limenionyesha kwa nini.

Kwa asiyewafahamu: Daft Punk ni Wafaransa wawili, Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo, walioanza mwaka 1993 na kujulikana kwa kofia zao za roboti. Albamu zao za kwanza zilijengwa kwa mashine na vipande vilivyokatwa kutoka santuri za zamani. Mwaka 2013 wakageuka. Kwenye Random Access Memories waliita wapigaji hasa: Nile Rodgers kwenye gitaa, Nathan East kwenye besi, Omar Hakim na John "JR" Robinson kwenye dramu. Ugomvi wa mashabiki ulianza hapo, miaka 10 kabla ya toleo hili. Waliozoea mashine walilalamika kwamba wameletewa disko ya wazee. Januari 2014 albamu hiyo na wimbo wake Get Lucky zikabeba tuzo tano za Grammy, ikiwemo ya albamu ya mwaka, pamoja na ya uhandisi wa sauti, ambayo ndiyo mimi huwatajia wanaokuja kujifunza.

Februari 22, 2021 wawili hao walitangaza kwamba wameachana. Kwa hiyo kuna mashabiki ambao mwaka 2023 walikuwa na kiu ya kitu kipya, wakapewa nyimbo zile zile zilizopunguzwa. Uchungu wao naujua na siubezi. Ila ningewaomba wakumbuke hawa ni watu wa namna gani kazini. Walipomwita Giorgio Moroder, mtayarishaji mkongwe wa disko kutoka Italia, asimulie maisha yake kwenye albamu hiyo, walimwekea maikrofoni tatu za enzi tofauti, ili sauti yake ibebe rangi ya miaka anayoizungumzia. Watu wanaohangaika kiasi hicho kwa tofauti ambayo karibu hakuna atakayeisikia, hawaondoi dramu kwa uvivu.

Sasa tuingie ndani. Get Lucky inakwenda mapigo 116 kwa dakika. Kutoka pigo moja hadi jingine ni kama milisekunde 517, nusu sekunde na ushee. Katika wimbo wa kawaida ngoma ya mguu, ile kubwa inayopigwa kwa kanyagio, inakanyaga kila pigo, na wewe msikilizaji huna kazi, saa unaishikiwa. Juu ya hiyo saa kuna gitaa la Rodgers. Waliokulia kwenye muziki wa dansi wanalijua kwa jina la rizim. Mkono wake wa kulia hausimami: kila pigo analigawa mara nne, kama milisekunde 129 kwa kila kipande. Mkono wa kushoto ndio unaoamua kipi kilie na kipi kibaki mkwaruzo tu, kwa kuzilegeza nyuzi kidogo bila kuziachia. Ngoma ikiwepo, tunalisikia gitaa hilo kama pambo. Ngoma ikitoka, gitaa ndilo linabaki na saa.

Na saa hiyo inasomeka, ilimradi ujue "moja", yaani pigo la kwanza la mzunguko, iko wapi. Hapo ndipo wengi wanapotelea. Kodi za wimbo huu (chord, noti zinazolia kwa pamoja) ni nne tu na zinazunguka mwanzo hadi mwisho. Wanamuziki hubishana mpaka leo ni ipi kati yake iliyo nyumbani. Huo mzunguko hauna mlango unaoonekana. Mlango ulikuwa ni ile ngoma ya mguu. Mimi nimeusikia wimbo huu mara nyingi kiasi kwamba ngoma imebaki kichwani hata ikifutwa kwenye mashine, na goti langu linaifuata iliyo kichwani. Kijana wangu hakuwa na kumbukumbu hiyo. Alichokisikia ni gitaa linalozunguka na mtu anayeimba, akangoja mwenye nyumba atoke.

Jambo la pili ni la masikio kufunikwa. Sauti kubwa huificha sauti ndogo iliyo jirani nayo kimasafa. Uzito wa ngoma ya mguu na wa gitaa la besi hukaa pamoja kule chini, hezi 50 hadi 100 hivi, na ngoma hushinda kwa sababu inapiga ghafla. Ukiitoa, vidole vya Nathan East vinajitokeza: noti hii ameiacha ikalia, ile ameikata kabla ya wakati, na ule ukimya mfupi baada ya kukata ndio unaofanya kiuno kitikisike. Juu kabisa matoazi hufunika pumzi za mwimbaji na mikwaruzo ya nyuzi. Anayesema "nimesikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia" hajipendekezi kwa msanii. Vilikuwepo tangu 2013, chini ya ngoma.

Kuna na la tatu, ambalo wanaolalamika kwamba wimbo "umepoa" wanalihisi bila kulitaja. Tunapomaliza wimbo kwa kawaida tunaupitisha wote kwenye kompresa, kifaa kinachoishusha sauti inapozidi. Kila ngoma inapogonga, kompresa inavisukuma vyombo vyote chini kidogo kisha inaviachia. Ule mwendo wa kusukuma na kuachia sikio hulisikia kama kupumua. Wimbo usio na ngoma ya kuisukuma kompresa hupumua kidogo sana.

Nitasema kwa nini haya yananigusa. Miaka ya nyuma nilirekodi kikundi cha ngoma za Kigogo. Niliona njuga za miguuni zinachafua sauti za waimbaji, nikazishusha hadi zikabaki kama mvua ya mbali. Mwalimu wao alisikiliza mara moja, akavua spika za masikioni, akasema: "Umetukata miguu." Nilikesha nikizirudisha. Tangu hapo siondoi chombo cha mtu kabla sijajua kinafanya kazi gani.

Ndiyo maana mama mmoja mpiga muheme kutoka Chamwino alipokuja kurekodi na wenzake, nilimwomba anisikilizie. Muheme, kwa msomaji wa mbali, ni ngoma zinazopigwa na wanawake wakiwa wamezibana kati ya magoti, na Dodoma huwezi kuongelea mdundo ukawaacha kina mama hao. Hakuwahi kuusikia Get Lucky kokote. Nikampigia usio na ngoma.

Hakuuliza unaanza saa ngapi. Mzunguko wa kwanza alitulia. Wa pili kiganja chake kikaanza kupiga pajani, na hakikupiga pale anapokanyaga Omar Hakim. "Moja" yake aliiweka mahali pengine kabisa, na ikakaa! Mapigo yake yakawa yanajibizana na gitaa badala ya kulibeba. Ulipoisha akaniambia: "Mwanangu, huyu wa gitaa anapiga ilimba." Ilimba ni kinanda cha Kigogo kinachopigwa kwa vidole gumba. Nikarudia kusikiliza nikamwelewa: noti fupi zinazofumana, nyingine zikilia na nyingine zikikwaruza tu, na mkono usiochoka. Nikampigia wimbo wa asili wenye dramu zote. Akatikisa kichwa taratibu. "Mbona wamemjazia nafasi yake?"

Hapo niliona kuna msikilizaji wa tatu. Yupo anayejazia kwa kumbukumbu kama mimi, na yupo anayengoja ajaziwe kama kijana wangu. Mama yule alijazia kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu katika muziki aliokulia nafasi tupu ni mwaliko.

Si kila wimbo wa albamu unastahimili. Lose Yourself to Dance kwangu umeanguka. Ulikuwa wimbo wa dramu tangu mwanzo, na bila dramu linabaki gitaa linalozunguka na sauti inayokuhimiza ucheze bila kukupa pa kuweka mguu. Contact, unaofunga albamu, unaanza na sauti ya mwanaanga wa Apollo 17 na kupanda kama roketi. Dramu ndizo zilikuwa mafuta yake. Sasa kelele inapanda na ardhi haitetemeki. Kwenye Giorgio by Moroder nimepata na nimepoteza: fujo nzuri ya Hakim imeondoka, lakini vinanda na nyuzi vilivyokuwa vinahema nyuma yake sasa vinaonekana uso kwa uso. Within, unaoongozwa na piano ya Chilly Gonzales, haukupoteza chochote. Huo ningependa ubaki hivi hivi, na ule wa zamani siurudii tena.

Ushauri wangu kwa anayetaka kujaribu: usisikilizie kwenye spika ya simu, maana simu haiwezi kuitoa besi ya chini, na besi hapa ndiyo iliyopandishwa cheo. Tumia spika za masikioni, usiku, upepo wetu huu ukishatulia juu ya mabati. Na kama unaye mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo wa asili, mpigie yeye kwanza kabla hujamweleza kitu, kisha umwangalie mikono.

Juzi nimemkuta kijana wangu kaubandika wimbo kwenye kompyuta, anautengenezea mdundo wa mazoezi kwa muheme tuliyorekodi siku ile. Alikuwa ameipanga sawasawa na mapigo 116, na ilikuwa inagongana na gitaa vibaya sana. Tukaisogeza mbele robo ya pigo, milisekunde 129, pale kilipokuwa kiganja cha mama. Ikakaa. Hakuuliza kitu, alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa.