Lonisera: fukia tawi, mbegu iache

Wengi wanaoniuliza namna ya kuzalisha lonisera, mmea wa maua uitwao honeysuckle kwa Kiingereza, huwa tayari wamechuma matunda yake na kuyaanika ili wapate mbegu. Mbegu huota, sikatai. Ila za spishi nyingi zinadai miezi miwili au mitatu ya baridi na unyevu kabla ya kuamka, na kama mmea mama ni chotara, miche inayotoka haitafanana naye. Kwa bustani ya nyumbani mimi nashauri kufukia tawi. Mmea huu hufanya hivyo wenyewe bila kufundishwa: shina likilala kwenye udongo wenye unyevu, hutoa mizizi pale linapogusa.

Kabla ya kuzidisha chochote, hakikisha unajua una lonisera ipi, maana jenasi hii, yaani ukoo huu wa mimea, ina spishi zipatazo 180, na baadhi si za kutambaa bali ni vichaka. Lonicera japonica ndiyo ya kuangaliwa kwa makini. Maua yake hutoka mawili mawili kwenye makwapa ya majani, yaani pale jani linapoungana na shina, yakiwa meupe, kisha hugeuka manjano kadiri yanavyozeeka, kwa hiyo tawi moja hubeba rangi zote mbili kwa wakati mmoja. Matunda yake ni meusi. Inanukia vizuri sana, lakini ilipelekwa Marekani mwaka 1806 kama pambo la bustani, na leo inasonga misitu ya huko. Iwapo kwenu imeorodheshwa kuwa mmea vamizi, usiizalishe wala usimgawie jirani. Lonicera sempervirens ni mpole zaidi: jozi ya majani iliyo chini ya maua huungana na kuwa kama kisahani kilichotobolewa na shina. Maua yake mekundu hupendwa na ndege wavumaji, ila harufu yake ni hafifu mno. Anayetaka harufu achukue Lonicera periclymenum ya Ulaya, ambayo hunukia zaidi kuanzia jioni, kwa kuwa inawaita nondo wenye mrija mrefu wa kufyonza.

Sasa tawi. Anza msimu wa ukuaji unapoanza. Chagua shina changa linalopindika bila kuvunjika, lililo karibu na ardhi. Tafuta kifundo, yaani pale jozi ya majani inapotokea, uyaondoe majani hayo, kisha kwaruza ganda upande wa chini kwa kisu safi, sentimita 2 au 3 tu, mpaka uone ubichi. Hapo ndipo mizizi itakapotokea, kwa sababu chakula kinachoteremka kutoka kwenye majani hukwama kwenye jeraha. Laza sehemu hiyo kwenye mfereji wenye kina cha sentimita 5 hadi 8, ibane kwa waya uliokunjwa, funika kwa udongo uliochanganywa na mboji, na juu yake weka jiwe. Jiwe lina kazi mbili: linatunza unyevu, na linazuia shina lisichezecheze. Ncha iache nje, uifunge wima kwenye kijiti.

Baada ya hapo ni kumwagilia na kungoja, pengine miezi kadhaa, pengine hadi mwaka. Uzuri wake ni kwamba tawi linaendelea kunyonyeshwa na mama muda wote huo. Ukisahau kumwagilia siku mbili, halifi. Livute kidogo: likikataa kuja, limeshika. Litenge na mama kwa mkasi, liache palepale wiki chache lizoee kujitegemea, ndipo ulihamishe pamoja na udongo wake.

Ukihitaji miche mingi kwa mpigo, tumia vipandikizi. Kata asubuhi, chagua shina ambalo ncha yake bado laini lakini chini limeanza kukomaa, urefu wa sentimita 10 hadi 15. Bakiza majani ya juu tu, chomeka kwenye mchanga na mboji, funika kwa nailoni, weka kivulini.

Mahali pa kupanda ni pale ambapo mizizi itapata kivuli na kichwa kitapata jua. Weka matandazo mazito, kwa sababu mizizi ikikauka, ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga kwenye majani, huingia upesi. Upe waya au fito za kujizungushia, ila usiuelekeze kwenye mti mchanga, kwani shina lake hukaza mpaka likaacha alama kwenye gome. Zinazochanua mapema, pogoa mara tu maua yanapokwisha, kwa sababu huchanua kwenye matawi ya mwaka uliopita. Na kama kuna watoto nyumbani, kumbuka kwamba matunda ya spishi nyingi huvuruga tumbo.

Mche mpya ukishashika, kata ncha ubakize jozi mbili au tatu za vichipukizi ili utoe matawi kuanzia chini. Usipochanua msimu wa kwanza, usiuharakishe kwa mbolea yenye naitrojeni nyingi: utapata majani teketeke, na vidukari watayafuata.