Msomaji Alione Zimwi Kwanza

Mswada wa hadithi ya kutisha ya watoto ukinifikia mezani, siusomi kuanzia mwanzo. Natafuta ukurasa ambao zimwi linajitokeza, kisha najiuliza nani kaliona kwanza: shujaa au mtoto anayesoma? Wakiliona pamoja, mswada unarudi kwa mwenyewe na barua ya heshima. Shujaa akiliona kwanza, unarudi na barua ndefu zaidi. Ninachokitaka ni kwamba mtoto aliyeketi sakafuni, kitabu magotini, awe keshauona mkia nyuma ya mlango wakati Kato, shujaa wetu, bado anatafuta ndara zake huku akiimba.

Mimi ni mhariri wa vitabu vya picha hapa Kampala, na nachora pia, hasa hadithi za safari na vituko zinazoogofya na kuchekesha, za watoto wa miaka saba hadi kumi hivi. Waandishi wengi wageni katika kazi hii hudhani woga na kicheko hupokezana zamu: kurasa mbili za kutisha, kisha moja ya mzaha ili mtoto apumue. Sioni hivyo. Vyote viwili vinazaliwa na jambo moja, kwamba mtoto anajua kitu ambacho mtu wa kitabuni hakijui. Anamhofia Kato kwa sababu mkia ameuona. Anacheka kwa sababu Kato ameukalia, akidhani ni kamba ya mbuzi.

Kwa hiyo mwandishi na mchoraji wagawane kazi: maneno yaseme uongo, picha iseme kweli. Maneno yaandike kwa uso mkavu, “Chumbani hamkuwa na kitu,” na picha ituonyeshe macho manane juu ya kabati. Mwandishi akiongeza “isipokuwa macho manane yaliyokuwa yakimtazama,” amempokonya mchoraji kazi na mtoto raha. Sehemu kubwa ya uhariri wangu ni kufuta sentensi za namna hiyo, na wako waandishi wanaoninunia hadi leo.

Mpango huu una faida nyingine kwetu Uganda. Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kitiliwe mkazo shuleni, watu walianza kuniuliza vitabu vya Kiswahili ambavyo mtoto atavisoma kwa hiari yake, si kwa mtihani. Lakini wasomaji wenyewe hawafanani. Mtoto wa Busia anakisikia Kiswahili sokoni kila siku. Mtoto wa Arua au wa kambi ya polisi anacho chake. Yule aliyetoka Kongo na anaishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyaka II pengine anakizungumza kuliko mwalimu wake. Na yule wa Masaka ndiyo kwanza anajifunza kuhesabu moja mbili. Picha ikibeba kweli, huyo wa Masaka naye atacheka kwa wakati wake, hata kama nusu ya maneno yamempita.

Kitabu kina kifaa ambacho redio haina: ukurasa unaogeuzwa kwa mkono. Ukurasa wa 1 huwa kulia siku zote, kwa hiyo namba witiri zote zinakaa kulia na shufwa kushoto. Swali litundikwe mwisho wa ukurasa wa witiri, jibu lisubiri nyuma yake. Mlango unagongwa ukurasa wa 13. Anayegonga tunamwona wa 14. Ukimchora wa 13 hapohapo karibu na ngo-ngo-ngo yake, jicho la mtoto litakuwa limemfikia kabla sikio halijausikia mlango, na hapo umeutupa mshtuko wako bure. Hata hivyo naacha dokezo: ukurasa uleule wa 13, chini ya mlango, vidole vya miguu vionekane, vingi kuliko kawaida. Kato havioni. Msomaji anavihesabu, na anaogopa kugeuza, na anageuza.

Mtambo nao una masharti yake. Kitabu cha kubanwa kwa pini katikati hakikubali idadi ya kurasa isiyogawanyika kwa nne, na karatasi kubwa hukunjwa kwa namna inayofanya kurasa 16, 24 au 32 ziwe nafuu zaidi. Ukienda Barabara ya Nasser, wanakochapa kila kitu kuanzia kalenda hadi kadi za harusi, na hadithi ya kurasa 27, watakuuliza tu unataka ipi iwe tupu. Bora upange mapema, ile mishtuko yako yote iangukie kushoto.

Usisahau pia nani ameshika kitabu. Katika madarasa mengi nakala ni moja na watoto ni wengi. Mwalimu anaiinua juu na kuizungusha taratibu kutoka dirishani hadi mlangoni. Mkia mwembamba kama uzi hauonekani benchi la nyuma. Mimi hubandika mchoro ukutani na kurudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta wa pili. Nisichokiona kutoka hapo nakikuza au nakifuta.

Sasa mazimwi yenyewe. Hatuna haja ya kuagiza majumba ya mawe na mabwana weupe wenye meno marefu. Chukua kisa cha Kintu, mtu wa kwanza, na mkewe Nambi, ambacho watoto wengi wa Buganda hukisikia mapema. Wanashuka duniani kutoka kwa Ggulu, baba yake Nambi huko mbinguni, wameonywa wasirudi nyuma kwa lolote. Nambi anakumbuka ulezi wa kuku wake, anarudi kuuchukua, na kaka yake Walumbe, yaani Mauti mwenyewe, anamfuata. Kaka mwingine, Kayiikuzi, anatumwa kumkamata. Anaamuru watu wote wakae ndani, kimya, na atakayemwona Walumbe asipige kelele. Watoto wanakutana naye. Wanapiga kelele. Walumbe anazama ardhini, na mashimo ya Ttanda, huko Mityana, yanaonyeshwa mpaka leo kuwa ndiko alikojificha.

Nikiutazama mkasa huu kwa jicho la kazi yangu, kinachonivutia zaidi ni ile amri kuliko Mauti. Msipige kelele: amri moja nyepesi, na tangu inapotamkwa kila msikilizaji anajua itavunjwa, tena na watoto. Anakaa akiisubiri. Ndiyo maana kila zimwi ninalolikubali lazima liwe na sharti linaloweza kuchorwa na kuvunjwa: usimjibu akikuita mara ya kwanza, usimpe chumvi, usicheke akivaa kofia. Hilo la mwisho ndilo gumu kwa watoto, na ndilo lenye soko.

Kisha kuna Njabala, binti aliyedekezwa hata jembe hajui linashikwaje. Mama yake anafariki, yeye anaolewa, na anapopelekwa shambani anamlilia mama. Mzimu wa mama unatoka na kumlimia, ukiimba na kumwonyesha wanawake wanavyolima. Wazee wanakisimulia kisa hiki kama onyo kwa wavivu. Mimi naona humo mbinu kubwa kuliko zote: kiumbe wa kutisha amepewa kazi ya nyumbani. Zimwi linalonguruma juu ya paa linachosha kwa ukurasa wa tatu. Zimwi linalonguruma kwa sababu limetumwa maji na jerikani imekwama kidoleni, hilo mtoto atataka kulifuata hadi kisimani. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwenye vitabu vyangu ni mtoto anayelijua zimwi, hadi deni lake la dukani.

Kwa umbo sihangaiki sana, maana Kampala imejaa kaloli. Ndege anayefika mita moja na nusu, kichwa kina upara wenye mabaka, mfuko wa nyama unaning'inia kooni, mabega yameinama, amesimama juu ya jalala akikutazama kama anakupima urefu. Kwa sauti hana mengi. Anagonganisha mdomo wake mrefu, kwa-kwa-kwa. Na miguu yake ile inayoonekana myeupe ni kinyesi chake mwenyewe, anachojinyeshea ili apoe joto. Ukishamweleza mtoto wa miaka minane jambo hilo, hatakusikiliza tena kwa dakika kadhaa. Kila mchoraji kijana anayenijia na zimwi lililonakiliwa kwenye katuni za nje namtuma kwanza akachore kaloli.

Kuna ninavyovikataa, na hapa silegezi. Basezi, wale wanaosemwa hucheza usiku na kufukua maiti, nawaacha. Si kwamba hawatishi. Ni kwamba msezi hana pembe wala mkia, ni jirani. Mtoto akifunga kitabu ataanza kumtazama bibi wa nyumba ya pili, anayeishi peke yake na kutoka usiku kwa sababu zake, na watu wamepigwa kwa tuhuma kama hizo. Mganga mwenye kisu naye simtaki, wala mgeni mwenye gari na peremende. Kafara ya watoto imekuwa jinai halisi nchini, hadi mwaka 2021 ikatungwa sheria mahususi ya kuizuia, na onyo la mgeni mwenye peremende mtoto analipata nyumbani kwa sauti isiyo ya mzaha. Libaki na sauti hiyo. Woga wa kuchezea unahitaji kitu ambacho mtoto, akitulia, anajua hakitamkuta njiani akienda shule.

Bweni la shule, hata hivyo, naliruhusu kwa mikono miwili. Choo kiko mbali, taa zimezimwa, na lazima umwamshe mwenzako akusindikize, naye anakubali kwa sharti la chapati. Woga wa watoto wa umri huu una aibu ndani yake: wanaogopa giza, na wanaogopa zaidi kujulikana kwamba wanaogopa giza. Safari ya kwenda chooni usiku, hatua kwa hatua, ina vituko vingi kuliko msitu mzima.

Upande wa maneno Kiswahili kimetubariki kwa milio. Giza totoro, kimya jii, akaanguka pu, akatumbukia chubwi, akanyata nyatunyatu. Nataka milio hii ichorwe, isichapwe tu: *jii* yenye herufi nyembamba zinazovuka kurasa mbili, *pu* moja nene ikae pembeni peke yake. Mwalimu anayesoma kwa sauti ataipata bila kuelekezwa. Ila usijaze; mlio mmoja kwa kila kurasa mbili unatosha, kingine ni makelele.

Kazi inayonipa jasho ni kuchora usiku. Hadithi hizi karibu zote ni za usiku, na mashujaa wetu ni watoto weusi, na karatasi tunayoimudu ni ile ya kawaida ya gramu 80, isiyo na mng'ao, inayonywa wino. Rangi za uchapaji ni nne, samawati, majenta, manjano na nyeusi, na kila moja inahesabiwa kwa asilimia. Ukizirundika zote ili upate giza zito, jumla ikapita 260 hivi, karatasi ya namna hii inalowa, wino unasambaa na kuchafua ukurasa wa pili, na Kato anapotea usiku akabaki matope. Njia rahisi wanayoikimbilia wachoraji ni kuacha macho na meno meupe yakielea gizani. Siipitishi. Ni picha ya zamani ya kutudhihaki, na mtoto hapaswi kujikuta humo.

Badala yake usiku wangu si mweusi. Ni zambarau iliyoiva au bluu ya nili, nyeusi naiweka mahali pachache tu, chini ya kitanda, ndani ya mdomo wa shimo. Taa naiweka nyuma au ubavuni mwa mtoto: tadooba, yaani kibatari, sakafuni, mwezi dirishani, tochi ya simu. Ukingo wa shavu, sikio na bega unashika mwanga wa rangi ya chungwa, na ngozi inabaki kahawia yenye uhai. Sare za shule zetu zinasaidia pia, maana kuna za waridi, za manjano, za zambarau, na hata kwenye giza la ukurasa wa 22 mtoto wa benchi la nyuma ataona shujaa yuko wapi. Tadooba ina zawadi nyingine: ikiwa chini, kivuli kinapanda ukutani na kukua kuliko mwenye kivuli. Mbuzi wa bibi, ndoo ikimnasa kichwani, anakuwa jitu lisilo na uso bila mimi kubuni chochote.

Mbuzi huyo analeta swali ambalo waandishi huniuliza kila mara: mwishoni tueleze au tusieleze? Wazazi wengi na walimu wanataka ielezwe kwamba alikuwa mbuzi tu, mtoto alale. Watoto wakielezwa kila kitu huona wamepunjwa. Mimi naeleza makelele na naacha alama moja. Ndoo ni ya mbuzi, kilio ni cha mbuzi, kivuli ni cha mbuzi. Ila nyayo zilizo kwenye matope zina vidole sita, na hakuna anayezitaja. Hata maneno hayazitaji. Zipo tu kwenye picha ya mwisho, upande wa kushoto.

Na kama fedha hazitoshi rangi nne, usiache kitabu. Chapa kwa nyeusi na rangi moja ya pili. Ningechagua chungwa ya tadooba, niitumie kwenye mwanga tu, kurasa zote, halafu mahali pamoja pekee niipake kwenye kitu kisicho taa.