Pumzi unayo, kaka. Kichwa ndicho kinachozamisha miguu

Jana saa nne usiku nimepokea ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Ni mwanafunzi wangu, baba wa miaka 44, mtu wa ofisini, mwenye bidii kuliko wengi. Nikiufupisha: "Dada kocha, nimefikisha pushapu sitini. Kila Jumapili nakimbia hapa Mwanza, Kirumba hadi Capri Point. Lakini kuogelea mita mia bado ni dakika mbili na sekunde ishirini, na nikigusa ukuta nahema kama nimefukuzwa na mbwa. Ni stamina tu hiyo. Niongezee raundi."

Ni wa nne tangu mwezi uanze. Naandika hapa mara moja, wa tano nitamtumia linki.

Mtu anayetoka Kirumba mbio, akapanda kilima cha Capri Point huku anapiga soga, halafu anakata roho kwenye mita hamsini za bwawa, huyo ana stamina ya kugawia jirani. Moyo na mapafu ni vilevile vya Jumapili. Tofauti ni kwamba barabarani unapita kwenye hewa, na bwawani unapita kwenye maji, ambayo ni mazito takriban mara 800 kuliko hewa. Tena yana ubaya wao: ukienda kasi mara mbili, upinzani unakaribia kuwa mara nne. Kwa hesabu hiyo, ukitaka kasi ya asilimia 10 zaidi huku umelala majini vilevile unavyolala leo, unahitaji kutoa nguvu zaidi kwa kama theluthi moja. Theluthi nzima! Unaitoa wapi, una miaka 44, watoto watatu na mkopo? Lakini ukijipunguza, yaani ukapita kwenye maji kama mwiko badala ya sufuria, hiyo asilimia 10 unaipata bila kuongeza hata pushapu moja.

Kwa hiyo kichwa.

Mapafu ni boya, na yamekaa kifuani. Miguu ya mwanamume mkavu anayekimbia ni mawe mawili yamefungwa upande wa pili. (Wanawake wengi nyonga zao zinaelea zenyewe, ndiyo maana dada aliyeanza juzi anakupita na wewe unashangaa.) Ukiinua kichwa utazame mbele, uzito wake umetoka majini na maji hayaubebi tena, hivyo lazima kitu kingine kishuke, na kinachoshuka ni nyonga na miguu. Umewahi kuona mtumbwi uliopakiwa mzigo wote nyuma? Mdomo uko angani, nyuma inakokota ziwa zima, injini inalia na safari haiendi. Sasa mwenye mtumbwi anasema dawa ni injini kubwa zaidi.

Hapa kuna watu hunijia juu: "Mbona watoto wa wavuvi kule Igombe wanaogelea kichwa juu tangu utotoni, na wana nguvu kuliko wanafunzi wako wote?" Ni kweli, na mtindo wao nauheshimu. Ziwani unatakiwa uone mtumbwi unaokuja, uone nyavu, uone wimbi kabla halijakuingia mdomoni. Kichwa juu ni mtindo wa kufika nyumbani. Wewe umekuja kwangu na saa mkononi, kwenye maji ambayo unaona tarazo za chini. Shida ni tofauti.

Wengine kichwa chao kinainuliwa na hofu, na hao siwacheki. Waliokuwa na akili zao mwaka 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa njiani kuja Mwanza, wanajua ninachosema. Nyumba nyingi baada ya hapo ziwa likawa la kutazamwa tu, mtoto akionekana na nywele mbichi anachapwa. Ndio leo wananijia na miaka arobaini na kitu. Shingo zao zimekakamaa kabla hata hawajaingia majini. Huwezi kumwambia mtu kama huyo "tulia" ikawa imetosha.

Basi tazama chini. Tazama sakafu, mbele kidogo ya kichwa chako, shingo imelala kama uko kifudifudi kwenye mkeka. Usizike kidevu kifuani. Nikisema "kichwa chini" nusu ya darasa hugeuka mbuni.

Sasa pumzi, na hapa naomba univumilie kwa sababu ndipo ninapochoka kabisa. Mnasema "sina pumzi". Ninachoona mimi kutoka pembeni mwa bwawa ni mtu mwenye pumzi nyingi mno: kavuta, kaifungia kifuani, uso majini, mashavu yamevimba kama chura. Kile kiu cha hewa kinachokushika kwenye mita ya 30, kwa sehemu kubwa hakiletwi na kuishiwa oksijeni. Kinaletwa na hewa ukaa iliyojaa kwa kuwa huitoi. Mwili unapiga kelele "toa!", wewe unasikia "vuta!" Unainua kichwa, unakijaza kifua ambacho hakikuwa kimetoka kitu, miguu inazama, maji yanakuwa mazito, unahitaji hewa zaidi, unainua kichwa zaidi. Mita ishirini baadaye unaning'inia ukutani unaniambia habari za stamina.

Jaribu sasa hivi hapo ulipokaa. Vuta hewa, ifungie, hesabu mpaka kumi na tano, halafu toa yote na uvute tena ndani ya nusu sekunde. Huwezi. Na muda unaopata mdomo ukiwa nje ya maji ndio huohuo. Kutoa kufanyike uso ukiwa ndani, polepole, kwa pua na mdomo, mfululizo, mapovu yasikatike. Ukigeuka pembeni kazi ni moja tu, kuvuta. Na ni kugeuka, jicho moja libaki majini, si kunyanyuka.

Kila baada ya mikono mingapi? Miaka mingi nilifundisha mitatu, ili pande zote mbili zifanye kazi. Siku hizi kwa masafa marefu nasema miwili, kwa sababu watu wazima wanahitaji hewa na waogeleaji wakubwa wa mita 1,500 wengi hufanya hivyohivyo. Sijui kama nilikosea zamani au nakosea sasa.

Mikono haraka haraka: vidole viingie mbele ya bega lako, visivuke kwenda mbele ya pua, kiwiko kibaki juu kuliko kiganja wakati unavuta, usikandamize maji chini, yasukume nyuma. Zamani tulifundishwa kuchora herufi S chini ya maji. Nami nimeichoresha kwa watu kibao. Leo siifundishi, na waliojifunza kwangu wakati huo wanisamehe.

Miguu: kwa mtu mzima ipige kidogo tu, kazi yake ni kukaa nyuma ya mwili isibwage nanga. Wakimbiaji na wacheza mpira vifundo vyao vimekaza kama bawaba ya geti. Nimemshuhudia mmoja ameshika kibao cha kuelea, anapiga miguu kwa hasira, anarudi nyuma taratibu.

Na nguvu je, haina kazi kabisa? Ina kazi. Paris 2024, Cameron McEvoy wa Australia alishinda mita 50 mtindo huru akiwa na miaka 30, baada ya kupunguza sana kilomita za bwawani na kuegemea mazoezi ya nguvu. Rio 2016 Anthony Ervin wa Marekani alizishinda mita hizohizo akiwa na miaka 35. Lakini hao miili yao ilishalala sawa majini tangu wakiwa wadogo. Na umri? Kuna kinachopungua, nakiona hata kwangu. Ila kwa mtu wa dakika mbili na sekunde ishirini, umri bado haujapata hata nafasi ya kumchelewesha, amezuiwa na mengine mlangoni.

Ambazo, kaka, si dakika mbili na sekunde ishirini. Lile bwawa la hoteli unalolipenda, lenye kibao cha "25M", nimelipima kwa futi ya fundi. Ni mita 22 na sentimita 40. Urefu wako nne, ukuta hadi ukuta, ni mita 89.6, kwa hiyo mita mia yako halisi inakaribia dakika 2 na sekunde 36. Pole. Hapo bado sijahesabu kwamba bwawa fupi lina kuta nyingi za kujisukumia.

Habari njema ni kwamba urefu 18 wa bwawa hilo ni kama mita 400, na 9 ni kama 200. Ogelea 18 huku unajipima muda, pumzika vizuri, ogelea 9 nazo ujipime muda. Toa muda wa pili kwenye wa kwanza, gawa kwa mbili: hiyo ndiyo kasi yako ya mita 100 unayoweza kuishikilia. Mfano, 9:40 ukitoa 4:30 inabaki 5:10, nusu yake 2:35. Rudia kila wiki sita. Katikati ya hapo, mara tatu kwa wiki dakika arobaini, ogelea urefu mmojammoja, pumzi ishirini ukutani, huku ukihesabu mikono. Mikono ikiongezeka miwili juu ya kawaida yako, umbo limevunjika. Toka, nenda kanywe chai. Raundi hamsini za umbo bovu zinakufundisha umbo bovu, tena kwa ufasaha.

Lakini hesabu hiyo nayo ina mtego, na mtego niliutega mwenyewe. Nilikuwa na dada mmoja nikimsifia kila alipopunguza mikono. Alitoka 24 akafika 17, tukashangilia, kisha nikatazama saa: amekuwa mzito kwa sekunde tatu. Alikuwa ananyoosha mkono mbele na kungoja, na maji hayangoji, yanakushika breki papo hapo. Tangu hapo nahesabu mikono na sekunde pamoja, siamini kimoja bila kingine.

Wanaouliza kufanyia haya ziwani: kichocho. Konokono wake wanapenda maji tulivu yenye majani ufukweni, na kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea. Ukishaingia, mwone daktari akupime, usijipe dawa mwenyewe. Na usiende peke yako.

Basi jibu la ujumbe wako. Pushapu endelea nazo, shati linakukaa vizuri. Raundi sikuongezei, nakupunguzia. Njoo Jumamosi saa moja asubuhi, wakati wa darasa la watoto. Utalala kifudifudi juu ya maji kwenye kina kifupi na kupuliza mapovu, basi. Kuna binti wa miaka sita pale atakucheka kwanza, halafu atakuonyesha.